Siku ya Kusimama Mpakani

Sizipendi nyumba za ghorofa, na mtu asijisumbue kunibembeleza. Ipo moja pale Gitega, kwenye mtaa wa Waswahili, kando ya lami. Ina rangi ya maziwa yaliyochacha, vioo vya buluu mbele na maduka chini. Kila nikipita hapo natema mate, halafu namwomba Mungu msamaha, kwa sababu chini ya maduka hayo ndipo nilipozaliwa.

Baba yangu alikuwa fundi bati. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe miaka ile ya baada ya uhuru, kwa matofali mabichi tunayoyaita rukarakara, akaipaka chokaa nje na ndani. Uani ndipo alipofanyia kazi. Aligonga mbabula, majiko ya makaa, toka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, na mtaa mzima ulipika juu ya kazi ya mikono yake. Ua wa pili alipanga mama mmoja Mkongo wa Kivu Kusini, mlokole, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Huyu alimtania mama yangu kila siku: "Mume wako akinyamaza, mi najua saa ya kupika imefika." Walisali tofauti na wakakopeshana chumvi, na hakuna aliyewapangia waishi hivyo.

Kisha Gitega ikatangazwa kuwa makao makuu ya nchi. Tulishangilia, wajinga sisi. Hatukujua kwamba mji ukipandishwa cheo, wa kwanza kuonekana wachafu ni wenyeji wake. Wakaja watu wa mpango wa mji na viatu vyao vilivyochongoka, wakatusomea masharti mapya. Kando ya lami ni ghorofa tu, asiyeweza kujenga ampishe anayeweza. Nyumba za udongo zinaaibisha mji mkuu. Kugonga bati kuhamie nje ya mji, kwa maana hapa sasa ni mahali pa makazi. Sisi tuliozaa na kuzika pale, sijui walidhani tulikuwa tunafanya nini.

Baba alifariki kabla hajaambiwa ahamishe nyundo yake. Hilo tu ndilo ninaloshukuru katika mambo yote ya mwaka ule.

Mama akaingia eda. Kwetu mjane hukaa ndani, bila manukato, bila wanja, mpaka muda wake utimie, na mama yangu dini aliishika kwa meno. Mimi nilikaa naye mpaka matanga yakaisha, nikarudi kwangu Muyinga, nilikoolewa. Nyuma nilimwacha mikononi mwa baba mdogo, mdogo wake baba, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Alipenda kutuambia kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Aliisema methali hiyo akiwa ameshika mkono wa mama. Namkumbuka vizuri.

Eda haijaisha, kipaza sauti kikapita mitaani. Watu wa vipimo wanakuja. Kila mwenye kiwanja asimame mpakani mwake, kwa miguu yake, majirani wakimshuhudia. Mpaka usio na mtu utahesabiwa hauna mwenyewe. Shamba au kiwanja, kwetu ndivyo mipaka inavyotambuliwa, kwa kusimama na kuonwa, kwa hiyo hakuna aliyelishangaa tangazo hilo. Aliyeshtuka ni mama peke yake. Akamwita baba mdogo, akamuuliza afanye nini.

Yaliyotokea nilisimuliwa na yule jirani Mkongo, na huyo sijawahi kumkamata kwa uongo. Baba mdogo alitikisa kichwa kwa huruma. Akamwambia, "Shemeji, eda ni ya Mungu. Ukivuka ule mlango, umeivunja. We kaa ndani, usome yasini. Mi nitasimama."

Na kweli alisimama. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akajisimika kwenye kona ya uzio, karibu kabisa na pale baba alipogongea bati. Jirani alipoona mpimaji anamuuliza jina huyo mwanamume na kuliandika, alipaza sauti toka kwake: "Bwana, mwenye nyumba iko ndani! Iko na eda! Huyu ni shemeji yake tu!" Mpimaji akamuuliza kama na yeye ana kiwanja pale. Akasema hapana, yeye ni mpangaji. Akaambiwa basi anyamaze. Mama aliyasikia yote toka chumbani, kupitia dirisha lililofungwa, na hakutoka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku mama alipomaliza eda, alioga, akavaa, akaenda ofisini na kitambulisho chake kuulizia kiwanja cha mumewe. Akaambiwa kina mwenyewe, na mwenyewe alisimama. Alirudi akampita baba mdogo barazani bila kumsalimia, na kwa mama yangu hilo lilikuwa kama kumpiga mtu kofi.

Na msiniambie habari za mirathi. Baba yangu hakuacha mtoto wa kiume, ndugu yake alikuwa na fungu lake, dini imempa na mimi simnyimi. Lakini yeye alibeba fungu, chungu, na kifuniko. Haukupita muda akaelewana na tajiri mmoja mjenzi: mmoja atoe ardhi, mwingine atoe saruji. Wakachora msalaba mwekundu wa kubomoa kwenye chokaa ya baba. Jirani yetu aliambiwa atoke, akahamia Mutaho na vikapu vyake vya ndagala. Mama naye aliahidiwa chumba kimoja, juu kabisa, nyuma, apandie ngazi na magoti yale. Nilikwenda mwenyewe kumchukua. Baba mdogo alitusindikiza hadi kwenye gari akitutakia safari njema, na mpaka leo sijui alikuwa na uso wa aina gani.

Muyinga tulikaa naye vizuri, mimi na mume wangu, aliyekuwa akipeleka vitunguu upande wa Tanzania. Siku moja nikamuuliza maalimu wa huko juu ya mjane na eda. Sikumwambia sababu. Alinijibu kirahisi tu, kama mtu aliyeulizwa bei ya sukari: mjane akiwa na haja ya lazima hutoka mchana, akaimaliza, akarudi kulala kwake. Haja, alisema. Nikajiuliza, mali yake ikiwa hatarini, hiyo si haja?

Nilimwambia mama. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka yakaisha, kisha akayarudisha yote pamoja na mawe yake, akaanza upya. Nilitamani angelia. Hasira niliyokuwa nayo siku ile haijanitoka, na wala sijaifukuza.

Mume wangu naye akafariki. Nikaingia eda mimi. Na kwa sababu balaa ikishajua njia hairudi, mpango wa mji ukafika Muyinga nao: barabara pana, viwanja vipya vya nyumba za kisasa, vigingi na rangi nyekundu. Kipaza sauti kilikuwa kilekile au ndugu yake. Kila mtu asimame mpakani mwake.

Siku moja kabla ya vipimo, baba mdogo akatokea toka Gitega na kilo za sukari za kunipa pole. Amenenepa, ndevu ameziweka hina. Alimwombea marehemu dua ndefu, akalala kwa rafiki yake mjini, na asubuhi akarudi kunywa chai kwangu. Watu wa vipimo walikuwa tayari wako kwa jirani. Akanywa kidogo, akaniambia kwa ile sauti yake ya asali: "Mwanangu, we uko na eda. Binti zako bado wadogo. Usijali, mi niko hapa. Mi nitakusimamia."

Nilikuwa natafuta tusi linalomtosha wakati mama alipotoka chumbani. Amekunja mgongo, kigoda na fimbo mkono mmoja. Hakumtazama shemeji yake. Alinishika kiwiko, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambazo sikuzitarajia.

"Toka," akaniambia. "Haja ndiyo hii."

Nilitoka na nguo zangu za eda, jua linawaka, watu wamejaa njiani. Wanawake wawili wa mtaani walishika midomo. Nikaenda kwenye kigingi cha kona, nikasimama kwa miguu yangu. Mama akaweka kigoda chake kwenye kona nyingine, akaketi, fimbo magotini.

Mpimaji, kijana wa watu, akafika na kamba yake. "Mwenye parseli iko wapi?"

"Mwenye kiwanja ni mimi," nikasema, na nikataja jina langu kabla hajaniomba.

Akaandika. Akapima upande wangu, akavuta kamba mpaka kwa mama, akamwinamia kwa adabu. "Na we, bibi? Parseli yako iko wapi tuje kuipima?"

Mama alinyoosha fimbo kuelekea mlangoni kwangu, alikosimama baba mdogo na kikombe chake.

"Yangu ilikuwa Gitega," akasema. "Yule alinisimamia."

Watu wote waligeuka kumtazama. Baba mdogo aliweka kikombe chini, akaanza kutafuta viatu vyake.