Nilipanga upya mafaili ya kernel ya kaka yangu, kisanduku cha daku kikanyamaza

Wakuu, salaam kutoka Bwiza, Bujumbura.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi, kwa sababu kila sentensi naiona ina kasoro. Leo nauacha ulivyo. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Mimi sikusomea kompyuta. Nimejifunza peke yangu kwa laptop aliyoniachia kaka yangu Radjabu alipoenda kufanya kazi Oman. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa redio na decoder za televisheni kule mtaa wa Asiatique. Naye pia alijifundisha.

Nyumbani alituachia kitu kingine: kisanduku cha mbao chenye kompyuta ndogo ya bodi moja, spika, na betri ya kutusaidia umeme ukikatika. Kazi yake ni moja tu, kutuamsha kula daku mwezi wa Ramadhani. Na kinatuamsha kwa sauti ya Radjabu mwenyewe:

"Mama, amuka, saa imefika. We Yusufu! Najua umesikia. Amuka sasa hivi, ama nakuletea maji."

Ndiyo wakuu, alipokuwa hapa alikuwa ananimwagia kweli.

Mwaka huu Ramadhani ikikaribia, umeme ukakatika na kurudi kwa fujo, kadi ya kumbukumbu ikafa. Kisanduku hakiwaki.

Nikamwambia mama asijali, ile sauti ninayo kwenye laptop, nitaiweka kwenye simu yake iwe kengele.

"Apana," akasema. "Mu simu Radja ni mutu wa mbali. Mu kisanduku ni mutoto yangu, yuko humu nyumbani."

Nikanunua kadi mpya, nikafungua laptop, maana mafaili yote ya kisanduku Radja aliyaacha humo.

Mtauliza kwa nini sikumpigia Radja. Ningeweza. Lakini anapumzika Ijumaa tu, na ukweli ni kwamba nilitaka asikie kimepona, si kwamba kimenishinda.

Kwa wasiojua: kernel, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, inapowaka kwenye bodi kama hii haijui spika iko wapi wala betri iko wapi. Inaambiwa na mafaili ya maelezo ya vifaa, yanaitwa device tree. Radja aliyagawa vipande: bodi.dtsi, umeme.dtsi, saa.dtsi, sauti.dtsi, na faili kuu moja linaloviita vyote kwa #include.

Nilianza kwa ujinga. Nilichukua faili kuu nikaipa dtc moja kwa moja. Hiyo dtc ni programu inayogeuza maelezo yawe kitu kernel inachoweza kusoma. Ikagoma palepale kwenye #include, ikidai kosa la uandishi, syntax error.

Kumbe kwenye build ya kernel, yaani kuijenga kutoka mafaili yake, kuna hatua ya kabla. Preprocessor inapita kwanza: inabandika kila faili mahali lilipoitwa, inabadilisha majina kuwa namba, inafuta maneno ya pembeni ambayo mwandishi alijiandikia. Ndipo dtc inapewa faili moja refu. Nikaacha ujuaji, nikaandika make dtbs, amri inayofanya hatua zote mbili, ikapita.

Sasa hapa ndipo ugonjwa wangu ulipoingia.

Mpangilio wa Radja ulinikera. Bodi, umeme, saa, sauti. Mimi ni mtu wa kunyoosha hata viatu vya wageni mlangoni. Nikaipanga mistari yake ya #include kwa alfabeti: bodi, saa, sauti, umeme. Ikapendeza machoni. Build ikapita bila onyo hata moja.

Nikawasha. Taa ikawaka, saa ikaenda sawa. Sauti, kimya. Nikaandika aplay -l, amri ya kuorodhesha vifaa vya sauti, ikaniambia hakuna kadi ya sauti.

Nikabadilisha spika. Nikachomea nyaya upya. Mama anapita na sufuria:

"Bado?"

"Bado, mama."

"Radja angekuwa amemaliza."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Mwishowe nikakumbuka kwamba preprocessor huacha faili lake. Jina linaanza na nukta na kuishia na .dts.tmp, hulioni mpaka uandike ls -a. Nikalifungua. Ni refu, lakini kila kipande kina alama ya faili kilikotoka. Nikatafuta mahali pa sauti.

Juu, kutoka sauti.dtsi: status = "okay".

Chini yake, kutoka umeme.dtsi: status = "disabled".

Wakuu, kwenye device tree kauli ya mwisho ndiyo inayoshika. Radja kwenye umeme alizima karibu kila kitu ili betri idumu, kisha sauti ikaja nyuma kuwasha spika peke yake. Mimi nikaitanguliza, nikamfunga kaka yangu mdomo.

Nikalipitia tena lile faili tangu juu. Utani wake wote aliokuwa akiandika pembeni ya mistari ulikuwa umefutwa. Humo ndani mkono wake ulibaki kwenye mpangilio tu, na huo ndio niliouvuruga.

Nikairudisha mistari alivyoiweka yeye. Nikabuild tena.

Daku ya kwanza sikulala vizuri kwa hofu. Kisanduku kikakwaruza kidogo, halafu:

"Mama, amuka, saa imefika. We Yusufu! Najua umesikia."

Mama akajibu kutoka jikoni, kama zamani alivyokuwa akinitetea:

"Umuache kidogo, Radja, amechoka."

Nikajifunika shuka, nikajifanya nimelala, ili afike kwenye maji.

Nilichojifunza: build kupita si ushahidi wa lolote, fungua lile faili la .dts.tmp ulisome. Na kabla hujanyoosha kazi ya mtu, jiulize kwanza kwa nini aliipinda. Mwenye njia bora ya kukagua mambo haya anisaidie hapa chini.

Lakini nina swali jingine. Ijumaa nilimweleza Radja yote, akacheka sana. Anasema ile sauti aliirekodi kwa simu mbovu, kuku na pikipiki ya jirani vinasikika nyuma, kwa hiyo atanitumia nyingine safi.

Mimi huyu wa kunyoosha viatu nimeshindwa kumjibu. Mngekuwa ninyi, mngeibadilisha?