Kulwa Kharumwa, Doto Geita

Kwa fundi wa sare za shule, Januari si mwezi wa kusafiri. Kibanda changu hapa Kagongwa hujaa wazazi tangu asubuhi, kila mmoja akitaka sketi ya mwanawe itangulie. Mwaka huu niliwafungia mlango wote, na najua wapo walionisema. Mabinti zangu pacha, Kulwa na Doto, walikuwa wanaanza kidato cha kwanza, wote bweni, lakini Kulwa alipangiwa Kharumwa na Doto nje kidogo ya mji wa Geita. Nilikwenda ofisi ya elimu kuomba wawekwe pamoja, nikaambiwa nisubiri. Shule zikafunguliwa nikiwa bado nasubiri.

Mzazi mwingine angefurahi tu kwamba watoto wamefaulu. Mimi nilikuwa na hofu, na sababu yake naisema mapema: Doto ana kifafa. Vidonge vinamsaidia, lakini mara mojamoja humwangusha hivyo hivyo, hasa akiwa usingizini. Mimi na mama yao tunajua la kufanya, ila anayejua kutushinda ni Kulwa. Huyo humtambua mwenzake kabla hajaanguka, humlaza ubavu, humwekea kanga chini ya kichwa na kukaa naye mpaka azinduke. Tangu wazaliwe hawajawahi kulala nyumba mbili.

Katika shule ya msingi Doto aliwahi kuanguka mstarini mbele ya shule nzima. Kuanzia siku ile hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja isipokuwa dada yake. Ndiyo maana aliponiambia, "Baba, huko niendako wasijue," nilimkubalia palepale. Nikafanya na lile ninaloliweza. Ndani ya mkanda wa sketi yake nilimshonea mfuko mdogo usioonekana kwa nje, wa kuwekea vidonge. Ilikuwa pia mara yangu ya kwanza kuwakatia vitambaa viwili tofauti, cha bluu kwa Kulwa na cha kijani kwa Doto. Kwetu Wasukuma, pacha mmoja akipewa kitu na mwenzake lazima apewe, na miaka yote nilikuwa nawakatia kwenye jora moja. Mkasi ulinisumbua siku ile.

Asubuhi ya kuondoka Kagongwa, mke wangu alitusindikiza mpaka barabarani akiwa na mdogo wao Shija mgongoni. Aliwakumbatia mabinti, akazirekebisha kola zao ambazo hazikuwa na tatizo lolote, halafu akanivuta pembeni.

"Baba Kulwa, usirudi hapa bila kumwambia mtu," alisema. "Mtoto akianguka usiku, nani atamgeuza?"

Nilimjibu kwamba nimesikia. Kwa hiyo nilipanda gari nikiwa nimemuahidi binti kunyamaza na nimemuahidi mama yake kusema, na njia yote ahadi hizo zilikuwa zinagombana.

Kahama tulibadilisha gari. Kutoka hapo mvua ilikuwa imeiharibu barabara, tukawa tunateleza na kushuka kusukuma. Njiani walipanda vijana wa machimboni, tope limewakaukia hadi magotini, wakiongea habari za duara lao, yaani shimo wanalochimbia, ambalo maji yalikuwa yameliingia. Mmoja wao aliwatazama mabinti zangu, akatabasamu.

"Mabasa haya, mzee?" aliuliza, akimaanisha pacha. "Kulwa yupi?"

"Mimi," alisema Kulwa, "na huyu ndiye Doto, kabla hujauliza."

Gari zima lilicheka. Ndivyo ilivyo kwetu. Majina haya hayatembei peke yake. Ukisikia moja unaliulizia la pili, na hakuna anayeona kuwa ni umbea. Sikuwaza lolote juu ya jambo hilo wakati ule, nilicheka na wenzangu.

Kharumwa tulifika jua likiwa kali. Mwalimu wa zamu alikagua mizigo ya Kulwa: shuka, ndoo, kwanja la kufyekea, kila kitu kilikuwepo. Alipoona jina akauliza bila hata kuinua kichwa, "Doto yuko wapi?" Doto akanyoosha mkono kama yuko darasani, na mwalimu akacheka. Mambo yakaisha kirahisi kiasi kwamba nilijisikia vibaya. Kulwa alinyanyua godoro lake mwenyewe, akarudi kutuaga, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, huko utawaambia?"

"Tutaona," nilimjibu.

Aliniangalia vile anavyoniangalia mama yake ninapomwambia mteja njoo kesho. Kisha akamkumbatia mwenzake, wakanong'onezana, na akaingia bwenini bila kugeuka nyuma. Huyu hana shida, nilijiambia. Hofu yangu yote nikaibeba kwenda nayo Geita.

Ndani ya gari la Geita, mama mmoja mwenye kapu la dagaa alimsalimia binti yangu na kumuuliza jina.

"Doto."

"Ee, ng'wanone, mwanangu. Kulwa yuko wapi?"

Doto aligeukia dirishani. Nilijibu mimi kwamba Kulwa tumemwacha shule, na yule mama akaitikia vizuri, lakini mwanangu aliendelea kutazama nje mpaka mwisho wa safari. Chapati niliyomnunulia aliishika tu mkononi. Hapo ndipo nilipoelewa tunachompelekea. Kila atakayejuana naye atamuuliza swali lile lile, na kila mara atakumbushwa kwamba yuko peke yake.

Geita mjini tulilala kwa shemeji yangu, Mama Neema, dada wa mke wangu, ambaye hupikia chakula wachimbaji. Alitupokea kwa ugali na sato, akatutandikia vizuri, na Doto alipokwenda kuoga nikamweleza yanayonisibu.

"Shemeji, nyamaza," alisema. "Nimekaa na wasichana wa bweni hapa, nawajua. Ukishasema, watahamisha vitanda. Watasema povu lake linawaambukiza. Pengine hata mkuu wa shule atakuambia umrudishe nyumbani."

"Na akianguka?"

Mama Neema alipangusa meza ambayo ilikuwa safi.

Doto alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alitutakia usiku mwema, akaingia chumbani.

Asubuhi shuleni kulikuwa na foleni ya wazazi na magodoro. Matroni, mama mnene mwenye sauti nzito, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya bweni, pembeni yake wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wakisaidia kukagua mizigo. Nilikuwa nimeamua kusema. Nikiwa bado kwenye foleni nikaamua kunyamaza. Tulipofika mbele, sikujua nimeamua lipi. Namwambia ukweli msomaji: niliogopa wote wawili, mke wangu na binti yangu, na zaidi niliogopa usiku wa kwanza.

"Shikamoo," Doto alimsalimia.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Doto."

"Kulwa yuko wapi?"

Nilifungua mdomo nimjibie kama nilivyofanya kwenye gari. Doto alinigusa mkono.

"Kulwa yuko Kharumwa," alisema. "Na mimi nina kifafa. Nikianguka yeye ndiye aliyekuwa ananilaza ubavu. Msinishike kwa nguvu na msiniwekee kitu mdomoni. Mnisubiri tu, naamka mwenyewe."

Alikunja mkanda wa sketi, akamwonyesha ule mfuko wangu na vidonge vilivyokuwamo. Nilitamani ardhi inimeze, halafu hapohapo nikatamani kumnyanyua kama alipokuwa mdogo.

Mmoja wa wale wasichana wa kidato cha tatu alirudi nyuma hatua moja. Doto alimwona. Matroni naye alimwona, ila hakumkemea.

"Ubavu upi?" yule msichana wa pili aliuliza.

"Wowote," Doto alisema.

"Utalala kitanda cha chini," alisema matroni, "hapa karibu na mlango wangu. Dawa nitakuwa nakukumbusha. Baba, andika namba yako ya simu hapa, na usisimame hivyo, unawazibia wenzio."

Kesho yake, siku ya kurudi, nilipitia Kharumwa. Mlinzi aliniitia Kulwa, naye akaja mbio na kuniuliza ya Doto kabla ya salamu. Nilimsimulia yote, nikimwigiza hadi matroni, nikidhani atacheka. Alisikiliza akikwangua tope kwenye kiatu chake.

"Kwa hiyo sasa kuna mwingine wa kumlaza," alisema.

"Yupo. Ameuliza mwenyewe ubavu upi."

"Tulipoagana nilimwambia aseme. Wakimuuliza niko wapi, aseme hapohapo." Machozi yakaanza kumtoka, huyu ambaye sijamwona akilia tangu ang'olewe jino. "Na mimi huku wananiuliza Doto yuko wapi. Usiku naamka kumsikiliza anavyopumua, nakuta ni mtu mwingine. Mimi nifanye nini, baba?"

Nilikaa naye kwenye nyasi karibu na lango hadi kengele ilipolia, nimemshika mkono, na iliniuma sana kwamba njia nzima nilikuwa nimembeba mtoto mmoja tu. Huyu mzima sikumuuliza hata kama ameogopa.

Kagongwa nilifika nikamweleza mke wangu, akashukuru Mungu, akalia kidogo, akanipa chakula. Wateja walikuwa wananisubiri na maneno yao. Kabla ya sketi ya mtu yeyote, nilikata kitambaa cha bluu, nikashona sketi ya pili ya Kulwa, na ndani ya mkanda nikaweka mfuko kama ule wa mwenzake.

"Kulwa haumwi," mke wangu alisema. "Ataweka nini humo?"

"Sijui," nilimwambia. "Mwenzake anao."