Goli Lililofungwa na Ukungu

Kwa miaka isiyopungua thelathini niliamini, bila chembe ya shaka, kwamba huko Uskoti timu mbili ziliwahi kucheza kwenye ukungu na ukungu ukashinda moja bila. Sisemi kwamba timu mojawapo ilishinda kwa msaada wa ukungu. Ukungu wenyewe. Mpira ulikutwa wavuni, wachezaji ishirini na wawili wakaulizwa mmoja mmoja nani ameupiga, wote wakakana, mwamuzi akatoa kitabu chake akaandika: mfungaji, ukungu. Niliamini hivyo nikiwa na akili timamu, nimemaliza masomo ya jioni, cheti kimetiwa fremu kiko ukutani.

Aliyetuletea habari hiyo alikuwa Mskoti wa karakana. Shamba letu la mkonge, mwendo mfupi kutoka Korogwe mjini, wakati huo lilikuwa bado na fundi mkuu mzungu, kazi yake kuiangalia korona, ile mashine inayomeza majani ya mkonge upande huu na kutema singa, yaani nyuzi zake, upande ule. Korona ikikohoa, naye anakohoa. Yeye ndiye aliyetuanzishia timu, akatufundisha sheria, akasimamia ufumaji wa nyavu za magoli kwa kamba za mkonge, nyavu ngumu kiasi kwamba mpira ukiingia ulitoka na michubuko. Jumamosi baada ya mazoezi alikaa juu ya kipande cha reli ya zamani ya vitoroli akatuhadithia mechi za kwao, za miaka yake na za miaka ya babu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, hakina mapambo, lakini kila nati ilikuwa mahali pake.

Alituambia kuhusu timu iliyoshinda magoli thelathini na kitu kwa sifuri, enzi za mababu, na kipa wa washindi hakugusa mpira; inasemekana alisimama chini ya mwavuli wa mtazamaji akivuta kiko. Tulipoihadithia kambini, viko vilikuwa viwili na kipa alikuwa amechinjiwa kuku. Alituambia kuhusu mechi ya kombe iliyoahirishwa kwa ajili ya barafu, wiki ikaja ikaahirishwa, ikaja nyingine ikaahirishwa, mpaka hesabu ikapita ishirini. Mimi nikiisimulia husema kwamba ilipochezwa hatimaye, beki mmoja alikuwa ameshapata wajukuu. Alituambia kuhusu uwanja ulio ukingoni mwa bahari, ambako upepo ukikasirika mpira wa kona unamrudia aliyeupiga, na wimbi linaruka ukuta linawalowesha mashabiki. Tuliwaonea huruma watu wale. Halafu akatuambia ya ukungu.

Utauliza mtu mzima anaaminije jambo kama hilo. Ni hivi. Kwetu utani una mlango wake. Mimi ni mtoto wa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge kwa mkataba, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu mababu: ananitukana, namtukana, hata msibani, na hakuna baraza litakalosikiliza kesi. Lakini Mskoti hakuwa mtani wa mtu. Kabila lake halikutaniana na kabila lolote kati ya Korogwe na Handeni. Kwa hesabu yetu, basi, alichosema kilikuwa kweli, maana asiye mtani atakutania kwa ruhusa ya nani? Tena alisema bila kucheka, kwa uso uleule wa kutangaza kwamba mkanda wa mashine umekatika.

Nikayaandika yote. Nilikuwa nimeanza masomo ya jioni, na mwalimu alitutaka tuandike chochote tulichosikia ili mkono uzoee. Wenzangu waliandika barua kwa shangazi zao. Mimi niliandika mpira wa Uskoti, mechi baada ya mechi, maelezo kwa wino wa bluu na matokeo kwa wino mwekundu. Mskoti alipomaliza mkataba akarudi kwao, daftari langu ndilo likabaki. Ukazuka utaratibu: palipotokea ugomvi wa mpira, wazee wa timu waliuliza swali moja, "Uskoti walifanyaje?" Halafu wananigeukia mimi. Nilikuwa mchezaji wa akiba, kazi yangu uwanjani kukata machungwa ya mapumziko, lakini kwenye ugomvi nilikuwa jaji wa rufaa.

Kipa wetu alikuwa Mzigua wa Sindeni, mtani wangu. Mskoti alimchukua kutoka shambani akamfanya msaidizi wake wa karakana, na kwa miaka miwili walikuwa hawaachani. Baada ya Mskoti kuondoka akaja meneja mpya, akakuta karakana ina watu wengi kuliko spana. Akaamua kwa mtindo wa mashamba yale, ambako mpira na kazi vilikula sahani moja. Timu ilikuwa inapanda Dindira kucheza na watu wa chai. Kipa akishuka bila kufungwa, anabaki karakana. Akifungwa hata goli moja, anarudi kukata mkonge. Meneja aliyasema hayo mbele ya timu nzima, na mtani wangu akaitikia "Sawa, bwana," kama mtu aliyeambiwa kesho ni Jumanne.

Mimi hupenda kutia chumvi, lakini kazi ya kukata mkonge haihitaji chumvi. Jani lina mwiba nchani na utomvu unawasha, na jua halina mapumziko. Kila mmoja kwenye lori lile alijua kipa wetu anachezea nini.

Dindira kulikuwa na baridi ya kukunja masikio. Wachezaji wetu walishuka na fulana zao nyepesi za bondeni, wakaomba magunia ya chai wajifunike. Wenyeji wetu, Wasambaa, wakatucheka kwa adabu. "Karibuni, wagosi," nahodha wao alisema, yaani mabwana kwa Kisambaa. "Leo tumewapunguzieni baridi kwa sababu ni wageni."

Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli. Mtani wangu alidaka kila kitu. Alidaka mpira, alidaka majani ya chai, nadhani alidaka na ndege mmoja. Kipindi cha pili, ikiwa imebaki kama robo saa, ukungu ukateremka kutoka mlimani bila kubisha hodi. Nilinyoosha mkono nikakiona kiwiko. Kiganja nilikuja kukikuta baadaye. Mwamuzi, karani wa mizani wa kiwanda cha chai, hakupuliza filimbi. Tulisikia miguu ikikimbia, watu wakiitana, teke moja, kimya, teke lingine, halafu kimya kirefu.

Ukungu ulipopanda, mpira ulikuwa ndani ya wavu wetu, umenasa kwenye fundo la kamba. Mtani wangu alikuwa amesimama mbele ya goli, mikono imefunguka, anatazama uwanjani. Washambuliaji wa Dindira walikuwa katikati ya uwanja, na beki wetu wa kulia alikuwa kwenye mashina ya chai, amepotea. Mwamuzi akauliza nani amefunga. Hakuna aliyejibu. Akauliza nani ameona. Hakuna.

"Mimi sikuona," mwamuzi akasema. "Mtajuana wenyewe." Akaenda zake.

Kikao kikawekwa Jumatatu, shambani kwetu, chini ya paa la kupimia singa. Dindira walimleta nahodha wao na mzee mmoja. Upande wetu mwenyekiti alikuwa nyapara mkuu, mzee mwenye heshima zake. Meneja alikaa pembeni akisubiri jibu moja tu, goli ni goli au si goli. Mtani wangu alisimama karibu na nguzo, amevaa ovaroli ya karakana.

"Shikamoo wazee," nikasema, daftari kwapani.

"Marahaba. Haya, mwanafunzi wa jioni," mwenyekiti akasema. "Uskoti walifanyaje?"

Nikafungua ukurasa. Nikasoma polepole, kwa sauti ya mwalimu wangu: ukungu ulishuka, mpira ulikutwa wavuni, hakuna aliyekiri, mwamuzi akaandika mfungaji ni ukungu, moja bila. Nikageuza daftari wauone wino mwekundu. Mzee wa Dindira, ambaye sidhani alikuwa anajua kusoma, aliutazama kwa muda mrefu akatikisa kichwa kwa heshima.

"Basi kule lilihesabiwa," akasema.

"Lilihesabiwa, mzee."

Kipa akasogea kutoka kwenye nguzo. "Mwenyekiti, huyu mtani wangu anasema uongo. Ile mechi haikwenda hivyo."

Watu wote wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akajifuta macho. "Sasa wewe Mzigua, ulitaka Mnyamwezi aseme kweli mbele yako?"

"Nasema kweli, mzee. Mskoti mwenyewe aliniambia."

"Mwacheni," nikasema mimi, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na utani ukikuachia nafasi huiachi. "Mzigua akiuona ukweli anadhani ngedere ameingia mahindini. Anautupia jiwe."

Kikacheka kikao kizima, Wasambaa hadi wakashikana mabega. Mtani wangu akasubiri kicheko kiishe, akajaribu tena: "Sitanii." Hiyo ikawachekesha zaidi, kwa sababu ndivyo kila mtani anavyosema kabla hajakuvua nguo. Akanitazama. Nakumbuka nilimkonyeza, nikidhani tunasaidiana kuchangamsha kikao. Kisha mwenyekiti akasema goli ni goli, meneja akainuka, na kabla ya saa nne mtani wangu alikuwa amevua ovaroli na kukabidhiwa kisu cha kukatia mkonge.

Alikata kwa misimu miwili, halafu akarudi kwao Sindeni kulima mahindi na muhogo. Hatukugombana. Tulipokutana gulioni Mkata alinitukana kama kawaida, nami nikamtukana, nikamnunulia soda, tukaachana. Hakuitaja tena ile mechi. Mimi niliitaja kila mahali. Kwenye harusi, kwa vinyozi, kwenye foleni za mbegu, nilimhadithia yeyote aliyenipa masikio, na kila mwaka ukungu ulizidi ufundi: kwanza ulifunga kwa mguu, baadaye kwa kichwa.

Miaka mingi baadaye nikasikia redioni kwamba timu ya taifa ya Uskoti ilikwenda ugenini, ikaingia uwanjani, na wapinzani hawakutokea. Wakaanza mpira peke yao. Mwamuzi akapuliza mwisho kabla hujapiga chafya. Hiyo ilikuwa kweli tupu, magazeti yaliandika. Nikatembea nayo kambi nzima. "Mnaona?" nikawaambia. "Nchi inayoweza kucheza na hewa, itashindwaje kufungwa na ukungu?" Mimi nikaiona imani yangu imewekewa zege.

Mwaka huu niliamua kulinakili lile daftari, maana mchwa wamekula barafu yote na nusu ya kile kiko. Nilipofika ukurasa wa Dindira nikaona si vizuri kumwandika mtu aliye hai bila yeye kusikia. Nikapanda basi mpaka Mkata, nikachukua bodaboda hadi Sindeni, nikamkuta uani anamenya muhogo, mkewe amekaa jirani anapepeta mahindi. Mikono ya mtani wangu ina alama za miba mpaka viwikoni. Sikuwa nimezitazama vizuri miaka yote ile, sijui kwa nini.

"Huyu Mnyamwezi amefuata chakula," akamwambia mkewe. "Ficha sufuria."

"Nimefuata kuona kama bado uko hai, nikakosa ushahidi," nikasema.

Mkewe akatupa viti. Nikala muhogo wao, nikatoa daftari nikamsomea. Alisikiliza mechi ya mwavuli akacheka, akasikiliza ya barafu akacheka. Nilipofika kwenye ukungu aliweka kisu chini. Nikasoma mpaka wino mwekundu, nikamsomea na Dindira, na kikao, na lile neno langu la ngedere, kwa kuwa nilikuwa nimeliandika nikilionea fahari.

Mkewe akaacha kupepeta.

"Mskoti nilimfanya mtani," akasema. "Huko karakana. Nilimwambia, wewe ukinichokoza mara tatu nisikasirike, basi ni mtani wangu. Akafurahi sana. Ndipo akaniambia hadithi zipi alikuwa anatutania."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kikaoni."

"Nilidhani ni utani."

"Ndiyo. Wote mlidhani. Na wewe ulikuwa na daftari."

Nikalifunga daftari. Nikamwuliza, basi, ile ya Uskoti iliishaje. Akasogeza kiti chake karibu na changu. Hakuniita mtani, wala Mnyamwezi, wala jina lolote kati ya yale aliyonipa kwa miaka yote.

"Ndugu yangu," akasema, "hakuna aliyefunga. Ukungu ulipozidi mwamuzi alivunja mechi, watu wakaenda nyumbani, ikarudiwa Jumatano."