Mahindi ya Mbwa

Baba yangu aliyajua mahindi kuliko alivyonijua mimi. Sisemi kwa uchungu, ingawa uchungu upo. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea mazao katika ghala moja la ushirika hapa Songea, na kazi yake ilikuwa kuamua gunia lipi lipokelewe na lipi lirudi na mwenyewe. Alikuwa na bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji kinachochomwa ubavuni mwa gunia ili punje za katikati zitoke bila kulifungua. Punje zikimwagika kiganjani alizitazama, akazinusa, kisha akabana moja kwa jino la nyuma. Ikilia, mahindi yamekauka. Ikibonyea kimya, mkulima aliyesimama mbele yake alianza kujieleza habari za mvua, ugonjwa na karo za watoto, na baba hakusikiliza hata neno moja.

Alikuwa na madaraja matatu: ya kuuza, ya kula, na ya mbwa. Hilo la tatu hakulitunga yeye. Kwetu, nyumba inapochambua mahindi, yaliyooza na yaliyoshika ukungu hayatupwi, maana kutupa chakula ni kujitafutia laana. Yanakwenda kwenye pombe, kwa kuku, au kwa mbwa. Sijawahi kusikia mtu akiuliza mbwa ana maoni gani.

Kisha zikaja zile siku za ruksa. Kila mwenye lori akawa mnunuzi, kila mwenye mizani akawa ushirika. Ghala la baba likanunua kidogo mwaka mmoja, mwaka uliofuata likanunua kidogo zaidi, halafu likafungwa kufuli. Watu wakaambiwa wamepunguzwa, kama chumvi kwenye mchuzi. Baba akarudi nyumbani kwetu Ruhuwiko na vitu viwili tu vya kazini: bambo lake na mbwa wa ghala.

Jina la mbwa huyo sitaliandika. Huku kwetu mbwa mara nyingi hupewa jina lililo ujumbe kwa jirani, na jirani aliyekusudiwa na baba bado anapumua, tena tunapeana amani kanisani kila Jumapili. Alikuwa dume jekundu, mwenye sikio moja lililochanika. Baba alimlea tangu akiwa mdogo wa kulala ndani ya kofia. Asubuhi ya kwanza baada ya kupunguzwa, saa ileile ya kwenda kazini, mbwa alisimama kwenye kizingiti akimtazama baba. Baba akamwambia, "Kazi imekwisha, mzee mwenzangu." Mbwa akabaki amesimama. Mwishowe baba akavaa viatu, wakaenda wawili mpaka kwenye lile kufuli, wakalitazama, wakarudi.

Basi ikawa hivyo kila siku. Mama alikuwa ameshafariki, ndugu zangu walikuwa na maisha yao, na mimi nilikuwa kazini, napiga taipu barua za watu wengine. Niliwaona wakiondoka pamoja, nikajua bila kuambiwa na mtu: mbwa huyu akifa, baba hatakuwa na sababu ya kuvaa viatu. Ndiyo maana chakula cha mbwa kilinishughulisha kiasi cha majirani kunicheka.

Alikuwa amekonda. Ghalani alikula makombo ya wapagazi, watu waliokula vizuri. Kwetu alikula kilichobaki, na mwaka ule hakikubaki kitu. Niliwahi kumwona mbwa mmoja wa wazungu wa misheni, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na mpishi wao akaniambia kwamba anakula chakula kikavu cha kwenye mfuko, vitu vidogo vya mviringo, vya kahawia. Kikavu, hakioshwi, hakipikwi. Nilimwonea mbwa yule wivu, Mungu anisamehe.

Ndipo duka moja Mfaranyaki likaleta mfuko wa chakula hicho. Siku zile maduka yalileta chochote: viatu vya mguu mmoja, maziwa ya kopo yenye maandishi yanayochuruzika kama wino uliomwagika, sabuni yenye harufu ya matunda tusiyoyajua. Mfuko ulikuwa na picha ya mbwa aliyechanwa nywele. Mwenye duka alikuwa ameufungua na anauza kwa kupima na kopo, na nilipomwambia baba, alikubali kwenda kuutazama. Akachukua bambo lake. Nilimsihi aliache nyumbani, akaniuliza kama fundi huenda kazini bila nyundo.

Dukani hakulihitaji. Alizamisha mkono ndani ya mfuko mpaka kwenye kiwiko, akatoa vya chini kabisa, akavitazama, akavinusa. Akatia kimoja mdomoni. Wateja wawili wakaanza kucheka, na mimi nikatazama nje kama vile sikuja naye. Kikalia.

"Umeona, mzee," mwenye duka akasema. "Kikavu kabisa."

"Kikavu, ndiyo," baba akasema. "Ni nini?"

"Ni chakula cha mbwa, mzee."

"Nimeuliza ni nini. Sijauliza cha nani."

Mwenye duka akageuza mfuko. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na pale palipopaswa kuwa na tarehe palikuwa pamekwanguliwa kwa wembe. Baba akapitisha kidole juu ya mkwaruzo, akanitazama mimi badala ya kumtazama mwenye duka. Tukatoka. Njiani nilimwambia kwamba mbwa wa misheni anakula hicho hicho, na wala hajafa. Akasema mbwa wa misheni ana watu wanaojua kusoma mfuko. "Mimi mahindi nayajua. Hicho sikijui. Simpi mwenzangu kitu nisichokijua."

Mpaka leo sijui kama kilikuwa chakula kizuri. Siku hizi mifuko iko mingi, na mtu akinunua mbwa huja kuniuliza achague upi, kwa kuwa nimeshika sifa ya kuwajua mbwa. Nawaambia watazame kilichoandikwa kwanza kwenye orodha ya vilivyomo, kama ni nyama au ni nafaka tu, watazame tarehe, wanuse kama mafuta yamechacha, wasiuweke mfuko sakafuni. Nasema haya kwa sauti ya mtu anayejua, halafu mazungumzo nayakatiza mwenyewe, kwa sababu baba naye alisema kwa sauti hiyohiyo.

Sakafuni, ndiyo. Mahindi ya shamba letu mwaka ule yalikuwa sebuleni. Mnunuzi mmoja mwenye lori alikuja, akayasifu, akaandika kwenye daftari, akaahidi kurudi ndani ya juma moja. Kwa sababu ya juma moja tu, baba, aliyewahi kumfokea mpagazi kwa kuweka gunia bila mbao chini yake, aliyapanga magunia juu ya sakafu tupu na kuyaegemeza ukutani. Lori halikurudi. Mvua zikaanza. Ukuta ukatoa jasho, na tulipokuja kuyasogeza magunia, ya chini yalikuwa na joto kama mtu mwenye homa.

Tuliyamwaga kwenye mkeka, baba akachambua siku tatu. Rundo la kuuza lilikuwa dogo. La kula lilikuwa la wastani. La tatu lilikuwa kubwa kuliko yote mawili, punje za kijivu na nyingine zenye vumbi la kijani kwenye ncha. Nilitaka kulia. Baba hakuonyesha huzuni, tena nilimwona amechangamka kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe. Akasema, "Umetaka chakula kikavu cha mbwa. Hiki hapa."

Alikitengeneza kwa ustadi wake wote, na hilo ndilo linaloniuma. Aliyaanika yale mahindi tena mpaka yakalia. Akayakaanga kwenye sufuria pana akiyageuza bila kuchoka. Tukayapeleka mashine, yakasagwa yasiwe laini sana, akayatia kwenye debe lenye mfuniko. Debe aliliweka juu ya mbao.

Mbwa alinusa bakuli mara moja, akageuka, akaenda kulala.

"Mchagua jembe si mkulima," baba alimwambia, "na mbwa mchagua chakula si mlinzi." Tulicheka wote wawili. Siku ya pili alikataa tena. Siku ya tatu mimi, mimi mwenyewe, nilisema tutie dagaa wa ziwani, wale wadogo wenye harufu kali, waifunike hiyo harufu ya kukaanga. Niliamini ni harufu ya kukaanga. Mbwa akanusa, akatutazama, akarudi nyuma hatua moja. Baba akachuchumaa, akachota kwa vidole, akamnyooshea kiganja. Mbwa akala. Hakula kutoka kwenye bakuli hata siku moja, lakini kwenye kiganja cha baba alikula kila siku, asubuhi na jioni, na baba akasema amenenepa. Hata mimi niliona amenenepa.

Lilikuwa tumbo. Lilijaa, mgongo ukabaki mifupa. Safari zao za asubuhi zikafupika: kwanza walirudia kwenye mteremko, halafu kwenye kona ya kwanza, halafu getini. Baba akaongeza dagaa. Nilikwenda kumtafuta bwana mifugo, nikamkuta, na alikuja siku hiyohiyo na pikipiki yake, kitu ambacho sikukitegemea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtazame mwenzangu."

Alimtazama muda mrefu. Akamfunua mdomo, na ufizi ulikuwa wa njano kama umepakwa bizari. Macho nayo. Akauliza anakula nini. Baba akanyanyuka, na hata katika hali ile kulikuwa na fahari kidogo kwenye sauti yake alipoeleza: anayaanika upya, anayakaanga, anayasaga, anaweka juu ya mbao. Akaleta konzi ya yale mahindi ambayo hayajasagwa. Bwana mifugo akachukua punje moja, akaipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Ndiyo haya, mzee. Huu ukungu una sumu. Unakula ini taratibu."

"Niliyakaanga."

"Haiondoki kwa moto."

"Niliyaanika mpaka yakakauka kabisa."

"Yanakauka na sumu yake. Kukauka siyo kupona." Alisema kwa upole. Alikuwa mtu mwema, na wema wake haukutusaidia chochote. Akasema ini limekwisha, na dawa ya kulirudisha hana, wala hajui aliye nayo. Kisha akauliza, kana kwamba anajaza fomu, "Mbwa huwa wanaisikia harufu yake. Huyu hakukataa?"

Nilitaka kusema hapana, hakukataa. Ningesema, mambo yangeishia hapo. Lakini baba alishajibu.

"Alikataa. Nilimlisha kwa mkono."

Bwana mifugo akafuta vidole vyake. Alipokuwa anaondoka aliniuliza pembeni sisi tunakula nini. Nikamwambia yale mazuri. Akauliza kama yalitoka kwenye magunia hayohayo, nami nikamshukuru kwa kuja.

Jioni ile baba alipika mwenyewe ugali wa unga wetu wa kula, kidogo tu, akaupoza. Akachuchumaa. Mbwa hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, lakini alipoona kiganja alifungua mdomo. Hakumeza. Ugali ulikaa pale kwenye ulimi, na yeye akabaki akimtazama baba, akiushikilia, mpaka baba akauondoa kwa kidole. Alikufa kesho yake kabla sijatoka kwenda kazini. Tukamzika nyuma ya nyumba, na jirani yule mwenye ujumbe wake alikuja kutusaidia kuchimba.

Baba hakuvaa viatu tena isipokuwa Jumapili, na baadaye hata Jumapili akaacha. Nilidhani atamlilia mbwa. Nilijiandaa kwa hilo, nikajiandaa hata kumtafutia mtoto wa mbwa mwingine, na nilipolitaja alinitazama kama nimemtukana.

Tuliishi hivyo miaka mingine minne. Yale mahindi tuliyatupa yote, laana au si laana, na nikawa nanunua unga sokoni, leo kwa huyu, kesho kwa yule, ukiwa umeshasagwa, usiojulikana ulitoka gunia gani. Nikiweka ugali mezani, baba hakugusa. Alingoja. Kisha aliuliza, kila siku, kwa adabu ya mgeni, "Huu ni mzuri?"

Nilimwambia ni mzuri. Sikuwa na njia yoyote ya kujua. Alinitazama, akanyoosha mkono, akala.