Habari za Kwenye Hina Mbichi

Mwanamke aliyepakwa hina mikono na miguu haendi popote. Hawezi kushika mlango wala kuvaa viatu, na nzi akimtua puani lazima aombe mtu amfukuzie. Mimi nilikuwa mpaka hina wa Timbwani, na katika miaka ya themanini niliitumia hali hiyo bila haya. Kila bi harusi aliyekaa mbele yangu nilimhoji hadi hina ikamkauka.

Nilikuwa na sababu. Binti yangu alizaliwa haoni wala hasikii. Alikuwa akikaribia miaka saba, mzima wa afya, na mimi mamake sikujua namna ya kumwambia hata kwamba kumekucha. Shule ya wasioona walisema wao hufundisha kwa kusema, na huyu hasikii. Shule ya viziwi walisema wao hufundisha kwa ishara, na huyu haoni. Kote nilipewa kiti na pole. Nilikuwa nimeshiba pole. Nilitaka mtu wa kunionyesha jinsi ya kuzungumza na mwanangu.

Na kila bi harusi ana shangazi hospitalini, binamu ofisini, jirani mwalimu. Nikawauliza wote. Niliambiwa habari za mafuta ya kuchua, za mafusho, na za mganga mmoja aliyesifiwa kwamba hutibu hata ng'ombe. Huko Kisauni, somo wa bi harusi mmoja, yaani kungwi wake, alinichoka.

"Wewe bibi, umekuja kupaka hina ama kuhesabu watu?"

"Yote mawili," nikamjibu. "Nyosha mguu wa mwari wako."

Kisha nikaitwa Changamwe. Bi harusi alikuwa mwalimu, na kati ya wageni wake alikuwamo mwalimu mwenzake kutoka bara, msichana ambaye hajaolewa, aliyetaka ua moja dogo kiganjani aone linavyokuwa. Nikamwuliza kama kawaida yangu, bila tumaini lolote.

"Hao watoto wako na darasa lao, mama," akasema. "Huko kwetu bara. Rafiki yangu anafundisha hapo. Wanafundishwa kwa kushikwa mikono."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikauliza hili na lile, na huku mkono wangu, kwa furaha, ukaendelea na kazi yake. Tulipozinduka, msichana wa watu ana maua hadi viwikoni, na miguu imepambwa hadi magotini. Kwetu mapambo yale ni ya mke wa mtu. Bi harusi mwenyewe alinuna. Nasikia majirani wa yule mwalimu walimpa hongera wiki nzima, na mchumba wake akaja kutaka maelezo. Nilimpelekea halua ya kuomba radhi. Bahati yangu alikuwa mcheshi, akampasha habari rafiki yake.

Likizo ya shule ilipofika, huyo rafiki akaja Timbwani. Hata salamu hazijaisha alikaa mkekani, akauweka mkono wa binti yangu juu ya bangili yake nene, ili mtoto ajue ni nani amekuja. Halafu akaniuliza, "Akitaka maji anasema aje?"

"Hana haja ya kuomba," akadakia mavyaa wangu, nyanyake mtoto, kwa fahari. "Twamletea kabla hajataka."

"Na asipotaka?"

Swali hilo halikuwa limewahi kuingia nyumbani kwetu.

Darasani kwao nafasi ilikuwa bado, alisema, lakini kazi yaweza kuanzia nyumbani, naye angerudi kila likizo. Akatuonyesha. Mtoto aguse kitu kwanza. Mkono ukienda mdomoni ni chakula. Kiganja kikisukuma ni sitaki. Kisha ngoja mtoto ajibu mwenyewe. Hapo kwenye kungoja mavyaa wangu aliona ni ukatili mtupu, na mara mbili nilimfumania akimlisha mjukuu wake nyuma ya pazia.

Siku zikapita bila dalili. Nasema kweli, nilivunjika moyo. Asubuhi moja nilimgusisha binti yangu bakuli la uji wa wimbi, uji aliokunywa kila siku ya Mungu tangu aachishwe ziwa, nikaupeleka mkono wake mdomoni. Nikangoja. Akaukunjua ule mkono, akakitafuta kifua changu, akanisukuma kwa kiganja. Nikadhani imetokea tu. Nikarudia. Akanisukuma tena, safari hii kwa nguvu, na uso ameukunja.

"Hataki!" nikapiga ukelele.

Mavyaa akatoka jikoni mbio. "Hataki nini?"

"Uji! Mwanangu hataki uji!"

Akapiga vigelegele, majirani wakajaa uani wakidhani tumeletewa posa. Nilicheka, kisha nikalia mbele ya watu wote. Miaka yote hiyo mtoto wangu alikuwa na neno la kuniambia, na neno lenyewe lilikuwa kwamba uji wangu haupendi.