Lori Lililoogelea Ziwani

Mimi hapa, mwenye cheti cha shule ya usiku kilichowekewa fremu na kutundikwa juu ya redio, niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba lori linaweza kuogelea. Sisemi kuvuka maji ya magotini. Kuogelea hasa, kama kiboko, pua juu, na dereva amekunja suruali. Hadi leo nikinusa gunia lililolowa mvua imani ile hunirudia, nami hutafuta mahali pa kukaa.

Enzi hizo za Mwingereza, Mwanza kulikuwa na lori la kijani la wakubwa wa mji. Kazi yake ilikuwa kuzoa watu waliolala ovyo: kwenye baraza za maduka, chini ya miti, kwenye mapango kati ya mawe. Waliozolewa hawakuonekana tena upesi. Aliyenieleza wanakokwenda ni Masanja, mtoto wa fundi baiskeli, aliyenizidi miaka miwili ya umri na arobaini ya uongo. Lori huingia ziwani, alisema, huogelea mpaka kisiwa fulani, na huko kila asiye na nyumba hupewa nyumba ya bati, dirisha la kioo na mbuzi mwenye maziwa. Ushahidi alikuwa nao. Kila Jumamosi tuliliona lori limezama hadi milangoni na dereva analisugua.

"Unafikiri linaoga?" Masanja aliniuliza. "Linajifunza."

Nisingeaminije, ndugu zangu, na mimi nilikuwa na mke anayenidai nyumba?

Mke wangu alikuwa Bibi Nyamizi, umri wake kama miaka mia tatu hivi. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini kwetu bibi yeyote wa mtaa ana haki ya kumwita mvulana mume wake, na mvulana hana pa kukimbilia. Mumewe wa kweli alifia Ilemela. Shemeji zake wakachukua nyumba na ng'ombe, yeye wakamwachia njia. Mjini akawa anashona magunia yaliyotoboka kwenye duka la Bwana Kanji, Mhindi wa nguo na nafaka, kwa shazia lake, sindano nene ndefu kama kidole cha mtu mzima. Miguu yake ilikuwa imevimba kama magogo. Nikipita tu, sauti yake inafika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Huyo mume wangu huyo! Mwanaume gani wewe, mkeo analala na mijusi?"

"Nitajenga, bibi."

"Lini? Nikishaota meno mapya?"

Duka zima linacheka, Bwana Kanji naye anapiga meza. Mimi nilikuwa na miaka minane, na aibu ya mtu wa hamsini.

Mama yangu naye, bila kujua, alikuwa akinisaidia deni langu. Kila alipokaribia kusonga ugali alichota konzi moja ya unga akaitia kwenye kibuyu kando ya mafiga. Wanawake wa mtaa wetu wote walifanya hivyo, na kila Jumapili vibuyu vilimiminwa pamoja, ukapikwa ugali wa mtama na mchuzi wa furu, visamaki vya ziwani, kwa watu wa barazani. Baadaye wakaona chakula peke yake hakitoshi, watu hao wanahitaji paa. Bwana Kanji akatoa mabati chakavu na magunia. Wanaume wa msikitini wakachimba mashimo ya nguzo za banda, wanawake wa misheni wakakandika udongo. Siku ya kufungua walibishana nani atangulie kuomba dua, wakabishana hadi mvua ikanyesha na nusu ya ukuta ikateremka ziwani. Wakakandika upya, safari hii kimyakimya.

Wakaingia watu kama thelathini. Bibi Nyamizi alikula pale, lakini jua likielekea kuzama alijikokota kurudi kwenye mawe yake.

"Kwani bandani kuna ubaya gani?" Mama alimuuliza.

"Hakuna ubaya, mwanangu. Wengi mno wanapajua."

Mama alikasirika kidogo. Pango la bibi nililijua mimi tu, kwa kuwa ndiye mume.

Bwana Kanji, kwa fahari yake, akamwalika mkubwa mmoja wa mji aje aone. Akaja na kofia nyeupe, akahesabu vichwa kwa ncha ya fimbo, akasema "vizuri sana" mara mbili. Mama aliisimulia ile "vizuri sana" kisimani wiki nzima. Wiki iliyofuata zikaja habari kwamba mgeni mkubwa anakuja kwa meli na mji lazima uwe safi. Asubuhi moja lori la kijani likaja moja kwa moja hadi bandani. Halikuwa na haja ya kuzunguka mji. Sisi tulikuwa tumekwisha kulikusanyia watu.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hawa nimewalisha mimi! Mnawapeleka wapi?"

"Kaa kando, mama," askari alimjibu. "Wewe una nyumba. Nenda kaipikie."

Mama akalia. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa narukaruka kwa furaha. Kisha nikaona mke wangu hayumo, nikatimua mbio kuelekea kwenye mawe.

Nilimkuta ameketi anashona.

"Mke wangu, toka! Nyumba imepatikana! Ya bati, na mbuzi!"

"Wapi?"

"Kisiwani. Lori linaogelea!"

Alicheka mpaka gunia likamdondoka. Halafu akatazama nyuma yangu, na kicheko kikapungua, kikapungua, kikaisha. Nikageuka. Askari wawili walikuwa wamesimama wanahema kwa kupanda. Nilifurahi sana: nilidhani wamekuja kumbebea mzigo.

Bibi Nyamizi akaliokota gunia, akalikunja.

"Huyo mbuzi ana maziwa?"

"Anayo."

"Basi twende, mume wangu. Umejenga."

Akanipa shazia. "Nitunzie hili. Kwenye nyumba ya bati nitashona gunia la nani?"

Jioni lori lilirudi limelowa matope hadi madirishani. Nikamfuata tanboi, kijana aliyemsaidia dereva.

"Liliogelea?"

"Wewe ndiye mume wa yule bibi?"

"Ndiye mimi."

Akafuta mikono kwenye kaptura. "Liliogelea, bwana. Mpaka kisiwani."

Nikakimbia kumwambia Mama. Alinizaba kofi, kisha akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Kibuyu cha unga alikifunika chini juu, na sikumwona akikigeuza tena.

Nilipokua niliondoa kuogelea, nikabakiza nyumba. Nikajiambia walipanda meli, kisiwa kilikuwepo, labda mbuzi ndiye hakuwepo. Habari ya wale askari na njia waliyoifuata kufika pangoni niliiruka kila niliposimulia. Na nilisimulia sana. Shuleni usiku ndiyo iliyokuwa hadithi yangu ya kuchekesha darasa. Usiku mmoja wote walicheka isipokuwa mzee mmoja wa dawati la nyuma, aliyekuwa anajifunza kuandika jina lake. Tulipotoka alinisubiri mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama.

"Lori haliogelei," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa tanboi. Tuliwashusha porini, mbali kupita Mkolani, tukageuza. Wenye miguu walirudi. Bibi yako tulimketisha kando ya barabara. Aliomba maji, na aliomba nikikuona nikwambie limeogelea."