Makombe Chini ya Mikarafuu

Harufu ya udongo uliofukuliwa baada ya mvua, ambayo wengine huipenda, mimi huichukia. Hunirudisha Wingwi, kijijini kwetu Pemba, msimu ule nilipokuwa na miaka kumi, wakati ami yangu Hamadi, ndugu wa baba yangu, mtu aliyejiona ana akili kuliko kijiji kizima, alipoing'oa mikarafuu ya bibi yangu, Bi Mize, ili achimbe madini.

Aliyemtia wazimu huo ni mgeni mmoja aliyejiita injinia. Alivaa viatu vya kung'aa, viatu vya mtu asiyewahi kupanda jiwe, na alibeba kijisanduku kilicholia kila alipokiinamisha chini. Nilikiona kidole chake kikibonyeza pembeni. Watu wazima hawakukiona, au hawakutaka. Akawaeleza kwamba zamani sana ardhi ilipasuka, Pemba ikatengana na bara, na kupitia ufa ule madini adimu ya kutengenezea simu yakapanda mpaka chini ya shamba letu. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima, kana kwamba kutoelewa ndiko kuelewa.

Bi Saumu, mwalimu wa jiografia wa skuli yetu, alikuja siku walipoanza kuchimba. Aliokota bonge la udongo, akalivunja. Ndani mlikuwa na gamba la kombe.

"Ardhi kupasuka ni kweli," alisema. "Lakini ufa peke yake hauleti madini. Lazima mwamba ulioyeyuka upande kutoka chini sana, upoe polepole, na maji yake ya moto ya mwisho ndiyo yayaache madini nyufani. Hayo yametokea huko bara. Sisi tumekaa juu ya matumbawe na udongo ulioletwa na mito. Mtachimba makombe, Hamadi."

Ami akacheka. "Bi mwalimu, rudi ukafundishe watoto. Haya mambo ya wanaume."

Wote wakacheka. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa nimekiona kile kidole. Hicho ndicho kicheko ninachokidharau kuliko vyote.

Mikarafuu kumi na minne ikalala chini. Bibi alikaa barazani, ameuma pindo la kanga, akimtazama mwanawe Hamadi. Shimo lilitoa chokaa, makombe na maji machafu. Injinia akaenda mjini Wete "kuchukua mashine", ikawa ndiyo kwaheri. Karafuu zilipoiva, bibi yangu, mwenye shamba, alikwenda kuchuma kibarua kwenye miti ya watu. Ami alisema tatizo ni kwamba hatukufika chini vya kutosha.

Baadaye nilisomea miamba chuo kikuu, nikakuta kila neno la Bi Saumu ni sahihi. Wanakijiji nawasamehe kwa kutojua, wakati ule vitabu vilikuwa vichache. Leo kila mtu ana simu mfukoni, na anaitumia kusambaza habari kwamba amelalia utajiri. Mwezi uliopita ami alinipigia.

"Mwanangu, kuna mgeni mwingine. Huyu ana kompyuta. Wewe njoo utie saini ripoti yake tu, watu wapate imani."

Nilimuuliza jambo moja: safari hii atang'oa mikarafuu ya nani?

Akasema nimekuwa na kiburi tangu niliposoma. Nikamwambia ni kweli, nikakata simu.